Waya wa Ami

Juzi, fundi alipokuja kutuwekea mtandao nyumbani Madungu, nilimchagulia kebo ya shaba tupu. Alipoimenya ili azipange nyaya zake nane kwa rangi, harufu ya plastiki ilinirudisha utotoni.

Alasiri moja ya wakati huo Ami, mdogo wake Baba aliyekuwa wa chama kingine, alikuwa akimenya waya kwa meno ili atuvutie umeme wa redio kutoka kwake. Baba akachukua mkasi.

"Kaka, umeme hauna kadi ya chama," Ami alisema.

"Wako unayo," Baba alijibu, akaukata waya.

Nilifurahi, kwani niliamini kwamba kwa umeme ule redio yetu ingesema maneno ya chama cha Ami tu. Mimi nilikuwa mtoto. Baba, aliyesoma na kusomesha, alikuwa na udhuru gani?