Fundi wa Kuzeesha Besi

Hapa Busia fundi wa magitaa ni mmoja, na aliyemfundisha kujisifu ni mimi, jirani yake. Besi mpya ataikwaruza kwa msasa, aisugue na maji ya chai, huku akipiga mluzi, mpaka vijana wa bendi waape imezeekea harusini. Juzi Ariokot, mjane kutoka kijiji cha Merikit, alileta besi ya marehemu mumewe ibadilishwe nyuzi tu. Fundi, kwa wema wake, akaipaka rangi ikang'aa kama kioo. Mama akapapasa pale mkono wa mumewe ulipokuwa umekula rangi, akapakosa. Fundi akashika msasa haraka.

"Nionyeshe tu, mama. Nitaparudisha."

Ariokot akapafunika kwa kiganja.

"Wacha, fundi. Hiyo itakuwa kazi yako, si yake."