Jiwe la Kutwikia Ndoo

"Mama Yunusi, hivi wewe huko mtoni ulishawahi kukaa?"

Swali hilo wifi yangu Somoe aliulizwa na jirani yake Rose, Mama Witness, tukiwa kwenye bomba la mtaa huku kwetu Mkunya. Rose na kwaya yao walikuwa wametoka kutembea mtoni, basi alikuwa anatusimulia: walikaa, walikula, walirushiana maji kama watoto wadogo. Somoe alicheka.

"Nikae? Na ndoo aishike nani?"

Bomba zima tulicheka naye. Lakini nilimwona baadaye kidogo, ndoo yake imejaa mpaka inamwagika, naye hajafunga maji.

Nataka nieleze habari za huyu wifi yangu, maana ni mtu ambaye ukimwona unadhani hana habari. Ameolewa na kaka yangu Dauda tangu mimi nipo darasa la sita. Aliletwa kutoka kwao Kitangari akiwa na miaka kumi na saba. Sisi wa uwandani shida yetu inajulikana: korosho tunazo, muhogo tunao, maji yako chini bondeni. Miaka ile bomba lilitoa upepo kuliko maji. Kwa hiyo wanawake tulishuka mteremko mpaka mto Chitope, tukapanda na ndoo kichwani. Kushuka ni saa moja. Kupanda sisemi.

Pale mtoni kulikuwa na jiwe moja bapa, kimo chake kinakufika kifuani. Ukiwa peke yako, huna mtu wa kukutwisha, unaiweka ndoo juu ya lile jiwe, unaweka ngata yako ya khanga kichwani, unainama, unaingiza kichwa chini ya ndoo, unanyanyuka nayo. Tuliliita jiwe la kutwikia. Hakuna aliyelikalia. Ungelikalia, mwenzako angetwikia wapi?

Somoe alilitumia jiwe hilo miaka zaidi ya ishirini. Mimba ya Yunusi ilikuwa na miezi minane, naye anatwikia pale. Dauda hakuwahi kushuka naye hata siku moja. Simsemi vibaya kaka yangu. Wanaume wa wakati ule mtoni walikwenda kuoga na kuvua, maji ya nyumbani hayakuwahusu.

Sasa, miaka sita iliyopita, mwalimu mmoja mstaafu, Vitalis, alipata eneo palepale. Alifyeka vichaka akaacha miti mikubwa, akajenga vibanda vya makuti, mabenchi, na bembea za watoto. Getini akaandika ubao: WAZI SAA 2 ASUBUHI MPAKA SAA 12 JIONI. KULALA HAKUNA. Watu wanapaita kwa Mwalimu. Kiangazi maji hupungua, mchanga mweupe unatokeza, na vijana wanacheza mpira juu yake. Msimu wa korosho ndipo panajaa watu, kila kibanda kina sufuria ya pilau na spika yake. Kifuku, mvua zikishika kweli, mto unapanda mpaka kwenye mabenchi na Mwalimu anafunga geti. Halafu mwezi wa tano, mvua zikishaondoka, panakuwa kijani na ubaridi kidogo, wanakwenda wale wapenda utulivu.

Kaka Dauda alioa mke wa pili miaka mitatu iliyopita. Ni Kibibi, mwanamke wa Masasi, fundi cherehani, umri wake hauzidi arobaini. Ni mwanamke mwema, ananiamkia vizuri, na kicheko chake kiko karibu. Somoe alimpokea. Alimpa sufuria mbili na kinu. Dauda naye aligawa kwa haki: usiku mbili nyumba hii, usiku mbili nyumba ile. Sukari kilo huku, kilo kule. Kikinunuliwa kitenge kimoja, cha pili kinafuata. Msikitini wakawa wanamtolea mfano, na mimi dada yake nikawa natembea kifua mbele.

Kisha ikaja picha.

Ilikuwa kiangazi, mwezi wa nane, Jumapili mchana. Mimi na Somoe tulikuwa uani kwake tunamenya muhogo. Dauda alikuwa ameamka hapohapo kwa Somoe, akanywa chai yake, akatoka. Faidha, binti yao wa mwisho, alikuwa anachezea simu.

"Mama, njoo umwone Baba."

Kibibi alikuwa ameweka picha mtandaoni, watu wote waione. Kaka yangu amekunja suruali mpaka magotini, miguu iko majini, samaki wa kukaanga mkononi, anacheka meno yote nje, na Kibibi amekaa nyuma yake.

"Huyu ni baba yenu?" Somoe akauliza.

"Ndiye, Mama."

"Kumbe ana magego." Akaisogeza simu karibu na macho. "Na mwenzangu amekaa juu ya nini?"

"Juu ya jiwe. Mwalimu amelijengea ngazi, watu wanapanda wanapigia picha."

Somoe akamrudishia simu, akachukua kisu chake.

"Hilo si jiwe la kukalia," akasema. Baada ya muda akanigeukia: "Wifi, si unalijua? Hilo si jiwe la kukalia." Alimenya ule muhogo mpaka ukabaki mwembamba kama penseli.

Nilipomwambia nataka kuandika habari zake, kwamba nitaandika alikuwa na uchungu moyoni, alinikataza. "Usiniandikie uchungu. Andika wivu. Nimemwomba Mungu aniondolee, akaniondolea maumivu ya magoti, huu akauacha." Basi nimeandika wivu.

Wivu wake haukuwa wa kelele. Dauda akija, anamwekea maji ya kutawadha na kumkaribisha kwa adabu: "Karibu maji, Baba Yunusi. Ya bomba haya, hayana picha." Kibibi akipita na kuamkia, "Shikamoo, dada," anajibiwa, "Marahaba, mdogo wangu. Naona unanawiri. Maji ya mtoni yanakupenda." Kibibi anacheka, hajui kama ametaniwa au amechomwa.

Msimu wa korosho walikwenda tena, na safari hii Kibibi alimletea samaki aliyefungwa kwenye karatasi. "Dada, nimekukumbuka." Somoe akashukuru, akampa paka. Halafu akamnyang'anya paka, akamla yule samaki mwenyewe, maana riziki haitupwi. Aliniambia samaki alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Mwisho alimwambia Dauda. Nilikuwepo, nimepeleka mabibo.

"Baba Yunusi, naona unatembea."

"Kidogo, kupumzisha mwili. Jumapili ndiyo siku ambayo Kibibi hashoni."

"Hata Jumapili ikiangukia kwangu?"

Kaka yangu akaweka kikombe chini. Akaongea taratibu, kama mtu mwenye uhakika na hesabu yake. "Mama Yunusi, zamu ni ya usiku. Usiku wako nimewahi kukosa? Kule kwa Mwalimu kulala hakuna, saa kumi na mbili wanafunga. Ninatoka asubuhi, magharibi niko kwako. Sasa hapo nimevunja zamu ya nani?"

Somoe akakijaza kile kikombe tena. Kwa kweli ilisikika kama haki.

Alhamisi tukiwa darasani kwetu, akina mama tunaosomeshwa dini na Bi Swaumu baada ya adhuhuri, Somoe akanyoosha mkono. Miaka yote hajawahi kunyoosha.

"Mwalimu, kuna mwanamke mmoja, simtaji. Mumewe analala kwake zamu yake sawasawa. Lakini kukicha anampeleka mke mwenzake matembezi. Mchana hauna mwenyewe?"

Wote tukatazama mkeka. Bi Swaumu hakutabasamu.

"Mchana unaufuata usiku wake. Usiku ukiwa wa mwanamke huyo, na mchana ni wake. Mume atatoka kwenda kutafuta riziki na kutimiza haja zake."

"Na kukaa kwenye mawe mtoni ni riziki?"

Hapo mmoja wetu nyuma akashindwa kujizuia, akacheka ndani ya mtandio.

"Mwambie huyo mwanamke azungumze na mumewe," Bi Swaumu akasema.

"Hawezi, mwalimu. Ni mpole."

"Unamjua vizuri?"

"Namjua kidogo."

Jibu alilipata, lakini hakumpelekea Dauda, kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza na geti la Mwalimu likafungwa. Kifuku kile Somoe alifurahia mvua kuliko wakulima wote. Ngurumo ikipiga upande wa bondeni, anasema, "Alhamdulillahi, mto umejaa." Dauda alikaa nyumbani mchana na usiku, akatengeneza mlango wa jiko, akala kisamvu chake kimya. Somoe akanenepa. Nikadhani yamekwisha.

Mwezi wa tano, Jumapili, usiku uliopita ni wa Somoe na unaofuata ni wake pia, Dauda akaamka akasema anakwenda kupalilia. Alikuwa amevaa shati la kola. Yanayofuata alinisimulia Somoe mwenyewe.

Alingoja kidogo, akachukua ndoo, akashuka mteremko kwa miguu kwa njia ya zamani. Imeota majani, lakini miguu ilikuwa inaijua. Alipofika getini alimkuta binti anayekaa pale, anaitwa Glory.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wachota maji wanapita kule nyuma, mama. Hapa ni wageni."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia yule binti kwamba amekuja kukaa.

"Ningesemaje, wifi, na ndoo ninayo mkononi?"

"Sasa ndoo uliibebea nini?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Mtoni sijui kwenda mikono mitupu."

Akapita nyuma. Kati ya matete akawaona. Kibibi amekaa juu ya jiwe la kutwikia, viatu amevipanga pembeni. Dauda amesimama chini yake, ana kisu kidogo, anamenya chungwa. Analimenya vizuri, ganda linashuka refu bila kukatika. Anakata kipande, anampa. Anakata kingine, anampa. Somoe alisema kumwona akicheka kwenye picha hakukumuuma kama lile chungwa. Miaka yote hiyo alikuwa anaamini kwamba Dauda hajui kumenya.

Hakuwaita. Alichota maji yake. Lakini jiwe lilikuwa na mtu, na wa kumtwisha hakuna. Akapiga magoti mchangani, akaipandisha ndoo mapajani, kutoka mapajani kifuani, kutoka kifuani kichwani, maji yakimmwagikia mpaka kwenye sidiria. Akapanda mteremko, mwanamke wa umri ule, akipumzika kwa kusimama, kwa sababu akiitua hataweza kuinyanyua tena.

Kabla ya magharibi Dauda akarudi kama kawaida yake. Akakuta maji ya kutawadha yako tayari. Akasukutua, akatema, akatazama ndani ya kopo. Kulikuwa na mchanga chini na kipande cha jani la tete.

"Mama Yunusi, haya maji ya wapi?"

"Ya mchana."

"Mchana gani?"

"Mchana wangu. Niliusikia uko mtoni, nikaufuata. Nimechota kidogo nilichokikuta."

Somoe alisema kaka yangu alibaki ameinama, kopo mkononi, mpaka adhana ikaisha. Akatawadha kwa maji yaleyale, akaenda msikitini. Aliporudi alikula kidogo tu.

Asubuhi Faidha akaja kuniita. Nilimkuta Dauda ameketi kwenye mkeka, na Somoe yuko kwenye kigoda, shingo imekakamaa, ameifunga kwa khanga yenye majani ya moto. Hawezi kugeuka kushoto. Nikaamkia, nikakaa katikati yao.

"Mama Awadhi," kaka akaniambia, "mimi nimekosa. Nilidhani mchana hauna mtu. Nimekwenda kwa Bi Swaumu alfajiri hii, na yeye amenieleza kwamba una mtu. Sasa niulizie wifi yako anataka nini. Akitaka kitenge, akitaka godoro, nitamtafutia. Na kama anataka Kibibi asiende tena mtoni, aseme."

"Kaka, yuko hapo, na masikio anayo. Muulize mwenyewe."

Kuku akapita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Dauda akajisogeza kwenye mkeka mpaka upande wa kulia, ambako Somoe anaweza kumwona bila kugeuza shingo.

"Mama Yunusi. Unataka nini?"

Somoe hakufikiri. Nadhani alikuwa amefikiria kifuku kizima.

"Nipeleke mchana ulio wangu, nikae kwenye lile jiwe mpaka wafunge. Ndoo ibaki nyumbani. Chungwa unimenyee wewe. Na picha ipigwe, Kibibi aione."