Safari ya Kwanza Baada ya Resori

Mafuta ya mawese yakidondokea chuma cha moto hutoa harufu ambayo si ya jikoni wala ya gereji. Nikiinusa popote, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimechuchumaa uani kwetu Kisangani, nachungulia chini ya lori la Papa.

Lori lile lilikuwa limenizidi umri kwa mbali. Papa alilitumia kubebea mchele kutoka Banalia, na barabara ile, mnaoijua mtaniunga mkono, haina huruma na resori, zile bapa za chuma zinazopangwa moja juu ya nyingine ili zibebe uzito wote. Msimu mmoja wa mvua lori lilirudi limeinamia kushoto kama mtu anayeuguza jino. Bapa kubwa ilikuwa imepasuka, na pini yake imeliwa na kutu.

Mama alilizunguka lori mara moja, akaingia ndani, na wali wa siku ile ukaungua. Sote nyumbani tulijua anachoogopa: zile kona za njia ya Banalia, lori kulala ubavu, na Papa yumo ndani.

Akaitwa Tonton Shabani, mjomba wa heshima tu, fundi wa resori, mtu wa Maniema. Alilipandisha lori kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo, kisha akaanza kuzibembeleza boliti zilizoshikwa na kutu: mawese, moto wa makaa, nyundo, halafu mawese tena. Bapa iliyopasuka aliibadilisha na nyingine aliyoikata kwenye mzoga wa lori jingine. Bushi zilizolika, zile pete zinazovikwa pini, hakununua mpya. Alichonga za mti mgumu, akazichemsha ndani ya mawese mpaka zikashiba. Mimi nilitaka kujua kila kitu.

"Tonton, chuma nayo inazeekaka?"

"Inazeekaka kuliko mutu. Ila yenyewe hailalamikaka."

"Na hii muti itaweza kubeba kamioni?"

"Itaweza, kama shofere iko na akili," akajibu, akamtupia Papa jicho.

Papa akacheka. Alikuwa na mguu mzito, na aliamini kwamba shimo ukilipita mbio halikuoni.

Boliti zilipokwisha kukazwa, Tonton Shabani alimshika Papa mkono kama kaka yake mkubwa. "Bon, yaya, pole pole njo mwendo. Chuma ijipange kwanza. Ukifika Banalia, unakaza ma-boliti tena. Umesikia?"

"Oui, oui," Papa akaitikia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusahau.

Hapo Mama akatoka nyumbani amevaa kitenge cha safari, kikapu mkononi. "Na mie naenda. Nafuata muchele yangu."

Jambo hilo lilinitatiza kuliko resori zote. Mama alilichukia lori lile. Alikuwa akitapika hata kabla ya kufika Masako, karibu tu na mji, na siku za kawaida hakulisogelea. Lakini kila resori zilipotengenezwa, safari ya kwanza lazima awemo, ndimu puani. Nilimuuliza sababu. "Mutoto, maulizo yako itanimaliza," akasema. Kuuliza si ujinga, lakini kwa Mama ilikuwa kazi bure. Basi nikajiamulia kwamba anapenda harufu ya grisi mpya.

Nilikuja kuelewa nimeshaolewa, tena na mtu wa pikipiki. Amri ya fundi haipunguzi mwendo wa mwanamume kama Papa. Kinachoupunguza ni mke aliyeketi kando yake, uso umempauka, akinusa ndimu. Kule Banalia pia, Mama ndiye aliyesimama juani mpaka boliti zikakazwa upya. Alitapika njia nzima ili mumewe arudi hai, na sisi tulidhani anafuata mchele. Nilimpenda upya siku niliyolitambua hilo.

Alipofariki, nilimweleza Papa ugunduzi wangu, kwa majivuno kidogo. Alinitazama kwa huruma, kama vile bado nina miaka tisa.

"Nilijuaka tangu ya kwanza," akasema. "Mara ingine resori haikukuwa hata na ubovu. Nilimuambiaka Shabani afungue tu, agonge-gonge, mama yako asikie, achukue kikapu yake."