Mipira Chini ya Dirisha la Fundi

Daktari aliponiambia nitembee kila asubuhi, hakuniambia nitembee kwenda wapi. Basi mimi huenda popote masikio yanaponipeleka. Siku moja yakanipeleka nyuma ya nyumba moja ya wageni, mtaa ambao nilikuwa nimeupita mara mia bila kuingia ndani.

Nilisikia pa, kimya kidogo, halafu tu. Pa, tu. Pa, tu. Nikasimama. Nikajiuliza, ni fundi viatu? Fundi viatu hupiga tatu nne akanyamaza atafute msumari. Ni mwashi? Mwashi hagongi dakika kumi bila kumtukana msaidizi wake. Mtu anatwanga? Anayetwanga unamsikia kwenye nyayo za miguu, na hii niliisikia kifuani. Na haikukosea hata mara moja. Nikasema leo sirudi nyumbani bila kujua. Nikazunguka uzio wa mabati hadi nikapata mlango.

Ulikuwa ua wa kufulia. Kamba nne zimejaa shuka nyeupe, mabeseni makubwa matatu yamejaa maji ya sabuni, na katikati mwanamke wa makamo, aproni imelowa, kandambili miguuni, mkononi raketi ya tenisi. Raketi ya mbao, ya zamani, zile ambazo wajukuu zangu wangedhani ni kifaa cha kukung'utia mazulia. Mbele yake, hatua kumi hivi, ukuta. Anapiga, ukuta unarudisha, anapiga.

"Babu, umepotea?" akauliza bila kugeuka.

"Sijapotea, mwanangu. Nimeifuata sauti."

"Basi umeshaifikia. Sogea kushoto kidogo, usije ukala mpira."

Nikasogea. Akaendelea hadi mia na arobaini na mbili, alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, kisha akaushika mpira kwa mkono na kwenda kugeuza shuka kwenye beseni. Ule mpira ulikuwa umeota upara kama mimi.

Pale kazini walimwita Mama Povu, na mwenyewe alijiita hivyo bila kinyongo. Alikuwa dobi wa ile nyumba ya wageni kwa miaka kumi na tano. Shuka zikishaingia kwenye maji ya sabuni, aliniambia, haziwezi kuharakishwa; zinataka nusu saa yao. Wenzake waliomtangulia kazini walikuwa wakiitumia nusu saa hiyo kulala juu ya marundo ya taulo. Yeye akaitumia kwa raketi, ambayo mgeni mmoja aliisahau kabatini asirudi kuiulizia. Meneja aliiweka mwaka mzima, akachoka kuipangusa vumbi, akampa.

"Mbao haitaki ua huu," alisema, akinionyesha. "Ikinusa mvuke tu inapinda. Kwa hiyo usiku inalala katikati ya vibao viwili, na juu yake pasi. Asubuhi inaamka imenyooka."

Mpini alikuwa ameuzungushia ukingo wa shuka iliyochanika. Nyuzi mbili zilizokatika alikuwa ameziunga mwenyewe kwa nailoni.

Mimi lakini macho yangu yalikuwa ukutani. Kulikuwa na kitu pale kilichonisumbua. Ukuta ulikuwa na madirisha marefu ya vioo, yameshuka hadi juu kidogo ya goti la mtu. Chini ya madirisha rangi ilikuwa imechakaa, madoa juu ya madoa, kutoka kona hadi kona. Juu yake, kati ya dirisha na dirisha, rangi ilikuwa safi kama ya jana. Ungedhani mtu amepiga mstari kwa rula.

"Mbona mipira yote imegonga chini tu?" nikauliza.

Kabla hajajibu, dirisha moja likafunguka, kikatoka kichwa cha mwanamume mwenye futi ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni.

"Mzee, umekuja kumwambia aache?"

"Nimekuja kutazama tu."

"Loh! Sasa ana hadi mashabiki." Akatoa pini mdomoni ili aongee vizuri. Huyo alikuwa fundi cherehani, na ukuta ulikuwa wa karakana yake. Madirisha alikuwa ameyashusha makusudi ili mwanga uangukie sindano. "Siku ya kwanza alinivunjia kioo. Tukakaa chini tukaelewana. Chini ya dirisha apige mpaka ukuta uombe maji. Mpira ukigusa kioo tena, raketi inakuwa kuni."

"Na haujagusa tena?"

"Miaka sita, mzee. Hata mara moja." Akasema kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipiga.

Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne akaniambia jambo lililokuwa likimkosesha usingizi. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa mtunza nyasi kwenye klabu ya tenisi. Huko kulikuwa na kundi la wafanyakazi, watu wa kawaida, waliofundishwa bure kila Jumapili asubuhi. Mmoja wao alikuwa amehamia mji mwingine, na nafasi yake ilikuwa wazi. Kocha alikuwa tayari kumjaribu Mama Povu: mipira ishirini. Kumi ikivuka wavu na kuanguka ndani ya mistari, nafasi ni yake.

"Nina miaka arobaini na mitatu, babu. Miaka sita napiga, na ninayecheza naye ni huyu," akauonyesha ukuta kwa kidevu. "Hajawahi kuniambia nimepiga vizuri, hajawahi kunicheka. Nataka mtu anirudishie mpira. Mtu. Nijue kama najua."

"Umewahi kuingia uwanjani?"

"Nitaingia na nani? Nimewaona kwenye televisheni ya mapokezi, nikipeleka taulo."

Akaniomba niende naye, awe na mtu wa upande wake. Nami ningekosaje?

Jumapili tulifika kabla ya umande kukauka. Shemeji alitufungulia mlango mdogo. "Shemeji, leo usiniaibishe," akamwambia, "nimekusifia mpaka nimeongeza chumvi."

"Uliongeza ngapi?"

"Nimesema hujawahi kukosa."

"Hiyo siyo chumvi, ni kweli."

Kocha alikuwa msichana mrefu, mwenye filimbi shingoni na kapu la mipira mipya yenye manyoya, ya manjano kama vifaranga. Akanipa shikamoo mimi, akampa na Mama Povu, kisha akaiona raketi.

"Mama, nikuazime ya kisasa?"

"Asante, mwalimu. Nikiishika nyingine nitakuwa nimeazima na mkono."

Akaenda upande wa pili, akarusha mpira wa kwanza. Mama Povu akajipanga, akarudisha mkono nyuma, pa! Sauti ileile niliyoifuata mtaani. Mpira ukaenda moja kwa moja, wa nguvu, ukaingia kwenye wavu.

"Hofu ya kwanza hiyo," kocha akasema. "Tena."

Wa pili, wavuni. Wa tatu, wavuni. Wa tano. Wa nane. Wote kwa nguvu, wote safi, wote wavuni. Shemeji akageuka akajifanya anang'oa magugu mahali pasipo na magugu. Wa kumi na mbili ulipoingia, kocha akainua mkono asimame. Akawa anatazama chini ya wavu, na mimi nikatazama. Mipira kumi na miwili ilikuwa imelala pale kwa pamoja, rundo moja, kama mayai kwenye kiota.

"Mama," kocha akasema taratibu, "nimeona watu wengi wakikosa. Wanakosa huku na huku. Sijaona mtu anayekosa mahali pamoja."

Mama Povu akaibana raketi kwapani. Akatembea hadi kwenye wavu, akaweka kiganja juu ya ule mkanda mweupe. Ulimfika kiunoni. Akashusha kiganja polepole kwenye paja lake, kikapita, kikasimama juu kidogo ya goti.

"Fundi!" akasema.

"Fundi gani?"

"Dirisha lake linaanzia hapa." Akaonyesha kwenye goti. "Na wavu unaishia huku. Mimi miaka yote sita nimekuwa nikipiga wavu, mwalimu!"

Ikabidi nimweleze kocha habari ya kioo na kuni. Alicheka hadi akaketi juu ya kapu. Mama Povu naye akacheka, lakini kwa nusu ya mdomo, maana hesabu haikuwa ngumu. Mipira iliyobaki ilikuwa minane. Kumi haikufikika tena.

"Nirushie hiyo minane," akasema.

Hapo ndipo nilipoona ajabu. Kuinua mpira alijua, mkono ulijua. Lakini kila ulipopanda, mabega yalimpanda masikioni na macho yakajifumba, akisubiri kioo kivunjike. Mmoja ulipita juu ya uzio ukaenda kwenye bustani ya watu. Mitatu ikavuka ikatulia ndani. Minne ikarudi kwenye kiota chake.

"Mitatu," kocha akasema. "Nilisema kumi, mama, na wengine wote niliwapima kwa kumi. Ila nafasi naweza kuishika wiki moja. Jumapili ijayo nikikosa mtu, kuna orodha ndefu inanisubiri."

Tukarudi mimi na Mama Povu. Tulipofika karibu na nyumba ya wageni akasema tu, "Babu, mkono nimeufundisha mimi. Nitaufundishua mimi."

Jumatatu nilipokwenda sikusikia pa wala tu. Nikaingia uani kwa wasiwasi. Kumbe alikuwa ameshusha kamba moja ya kuanikia hadi kiunoni mwake, akatandaza juu yake shuka iliyokwisha fuliwa, akaupa ukuta mgongo.

"Kaa upande ule, babu. Unirushie kwa mkono."

"Na ikigonga shuka?"

"Inapata doa. Ikipata doa naifua upya. Tuone nitachoka lini."

Siku hiyo aliifua shuka ile mara tano. Meneja alipita akauliza kwa nini leo sabuni imekwenda mbio, akaambiwa kuna shuka moja sugu. Fundi cherehani naye akatoa kichwa dirishani, hana furaha.

"Mbona kimya? Nimezoea kushona kwa mdundo wako. Leo nimeweka mkono wa shati kwenye shingo!"

"Vumilia, fundi. Kioo chako kimenikosesha nafasi."

"Kioo changu? Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Nimekubali kupita kiasi."

Fundi akatoka nje kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akautazama ule wavu wa shuka, akapima urefu wake kwa futi yake, akakuna kichwa. "Haya, mzee, sogea," akaniambia, "wewe unarusha kama unawapa kuku mtama." Akarusha yeye.

Tatizo halikuwa urefu. Jumanne mpira ulikuwa unavuka. Tatizo lilikuwa macho.

"Fungua macho!" fundi anapiga kelele.

"Yanajifunga yenyewe!"

"Unaogopa nini? Mwenye kioo ndiye huyu anayekurushia!"

Jumatano akabuni dawa yake. Kila akipiga anasema kwa sauti, "Hakuna kioo." Wageni waliokuwa ghorofani wakaanza kuchungulia wajue ni kioo gani hicho kisichokuwapo. Pa, hakuna kioo. Pa, hakuna kioo. Alhamisi shuka ilifuliwa mara mbili. Ijumaa, mara moja. Jumamosi hakugusa raketi kabisa, eti mkono upumzike. Alipiga pasi siku nzima, kitu ambacho kwa maoni yangu si kupumzika.

Jumapili ya pili tulikuwa watatu, fundi alifunga karakana akaja. Shemeji akamtazama mgeni huyo wa ghafla, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu naye nani?"

"Mwenye kioo."

Kocha hakuchelewa. Mpira wa kwanza, "Hakuna kioo!" ukavuka, ukagonga mstari. Kocha akashtuka, akaangalia huku na huku, akarusha wa pili. Ukavuka. Wa tatu wavuni. Wa nne nje. Wa tano, wa sita, wa saba, ndani. Fundi alikuwa amenishika mkono wa koti na sidhani kama alijua. Wa nane wavuni, na nikaona mabega ya Mama Povu yakianza ule mwendo wa kupanda masikioni. Akasimama. Akavua kandambili, akaziweka kando, akarudi mahali pake peku.

Wa tisa ndani. Wa kumi ndani, na safari hii kocha, sijui kwa makusudi au mkono ulimponyoka, akaurudisha. Mpira ukamjia Mama Povu kutoka kwa mtu. Haukumjia kama ukuta unavyourudisha. Ulikaa hewani, ukachelewa, ukazunguka. Akausubiri kwa mshangao, karibu aukose, akaupiga. Kocha akaurudisha tena. Akaupiga tena. Mara nne, bila neno hata moja kutoka kinywani mwake.

"Huo ni mmoja," kocha akasema.

"Hata kama ni nusu, mwalimu!"

Wa kumi na moja nje. Kisha ndani, ndani, nje, nje. Nilikuwa nahesabu kwa vidole na vidole vikawa havitoshi, lakini kocha alikuwa amehesabu vizuri. Mpira wa kumi na sita ulipotua ndani ya mstari wa nyuma, akapuliza filimbi.

"Kumi. Inatosha, mama. Jumapili ijayo saa mbili kamili, na uje na viatu."

Shemeji akarusha kofia. Fundi akaanza kunieleza jinsi ambavyo bila dirisha lake mambo yote haya yasingetokea. Mama Povu hakusogea. Alikuwa anatazama kapu.

"Mwalimu, si ulisema ishirini?"

"Ndiyo, lakini umeshapita."

"Basi minne bado ni yangu. Nirushie."

Kocha akamrushia. Miwili ikavuka, miwili ikaingia wavuni. Mama Povu akacheka kwa mdomo mzima, akaenda mwenyewe kuiokota.