Jino la Msemaji

Nilikwenda Bukoba kwa ajili ya jino la mbele. Lilikuwa limepasuka na linacheza, na Jumamosi nilitakiwa kuwa msemaji wa ukoo wetu, wakwe watakapokuja kumposa binti wa kaka yangu. Msemaji anayeongea mkono mdomoni nani atamsikiliza? Nilisikia kuna daktari anayeng'oa na kupandikiza jingine siku hiyo hiyo. Nikampigia, nikajitambulisha kuwa ni mwalimu wa Nshamba. Akanionya nisiume kitu kigumu.

Jumatano mchana niliondoka Nshamba kwa basi. Tunapita Muleba, ulimi ulikuwa hautoki kwenye jino.

Jioni nilifika Kahororo, pale pale Bukoba, kwa shangazi. Kabla sijakaa vizuri akaniletea kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa zikakaushwa.

"Karibu waitu, mtu wetu, tafuna."

Kwetu mgeni hakatai kahawa. Nilitia moja mdomoni, nikaisukuma kwenye magego, ikateleza mbele. Kitu kikalia ndani ya fizi. Nikasema ni nzuri. Usingizi sikuupata.

Alhamisi saa tatu nilikuwa kliniki. Daktari, binti wa rika la wanangu, aliniuliza, "Mwalimu, umeuma chochote kigumu?"

"Hapana."

Mtu mzima nikadanganya. Mashine ikazunguka kichwa changu, ikapiga picha ya taya. Daktari aliitazama kwenye kompyuta, akaikuza.

"Natafuta mambo mawili," akasema. "Mzizi umekaa wapi, na mfupa umebaki kiasi gani. Mzizi wako umejaza upana wote wa mfupa. Ukuta wa mbele ni mwembamba kama ganda la karanga, na nyuma hakuna pa kushika skrubu ya kubeba jino jipya."

"Ni kahawa," nikaungama. "Jana nilitafuna kahawa."

"Kahawa imeongeza ufa tu. Mfupa haumaliziki kwa siku moja, mwalimu. Huu umeliwa miaka."

"Na Jumamosi?"

"Nikipandikiza leo, halitashika. Leo nang'oa na kujaza unga wa mfupa kwenye tundu, mfupa uongezeke. Jino jipya ni baada ya miezi."

Nilikubali shingo upande.

Ijumaa nilirudi na pengo, nimeinamisha uso njia nzima. Nilikuwa nimejifunza kwamba jino hupandwa palipo na mfupa, si palipo na haraka. Lakini somo hilo halikunipunguzia aibu.

Kaka alinipokea mlangoni, akataka nifungue mdomo. Nikafungua. Akachungulia pengo.

"Maneno bado yamo?"

"Yamo."

"Basi kesho ni wewe."