Fundo la Ishirini na Sita

Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa siku yangu ya kwanza kazini ni kamba ya katani yenye mafundo ishirini na matano. Sista aliyesimamia chekechea ya parokia, hapa Sumbawanga, aliitoa kwenye msumari nyuma ya mlango akaniwekea mikononi kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba yake. Ilikuwa mwezi wa sita, wakati upepo wa Ufipa unapopenya sweta mpaka mifupani, na watoto walikuwa wamejipanga uani, kamasi zinawatiririka, kila mmoja kavaa alichonacho.

"Fundo moja, mtoto mmoja," Sista aliniambia. "Mimi nashika kichwa, wewe unashika mkia. Tukienda chooni, tukienda kunawa, tukienda kanisani, ni hivyo hivyo. Mafundo yakiisha, mlango umefungwa."

"Na akija mzazi mwingine, Sista?"

"Atasubiri mwakani, au Baba Paroko atafute mwalimu mwingine na kamba nyingine. Wewe una macho mangapi?"

"Mawili, Sista."

"Basi usiyape watoto wengi kuliko yanavyoweza."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne mkononi, nikidhani nimekuja kufundisha. Mwaka mzima nilishika mkia. Sista hakuniruhusu kubaki peke yangu na watoto hata kwa muda wa kusali Malaika wa Bwana. Alinifundisha kuandika andalio la somo, yaani karatasi ya mwalimu inayosema leo atafanya nini na kwa sababu gani. Alinifundisha kutengeneza zana kwa magunzi ya mahindi na vizibo vya soda. Alinifundisha kusikia tofauti ya kikohozi cha baridi na kikohozi cha kupelekwa hospitali, na kumtambua mtoto aliyebanwa na haja ambaye nyumbani kwao ni Kifipa tu, hajui kuomba kwa Kiswahili, naye anaona haya. Baada ya hapo ndipo akaniandikia barua ya kwenda chuo cha ualimu, nikasomea elimu ya awali. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule kila siku ninapoamka.

Serikali iliniajiri na kunipeleka Namanyere, kwenye darasa la awali lililoambatanishwa na shule ya msingi. Mwalimu Mkuu wa kule alikuwa mtu wa haki. Nilipomwonyesha ile kamba, ambayo Sista alinipa niondoke nayo, alicheka kwanza, kisha akanipa mwalimu wa pili wa kushika mkia. Baadaye miongozo ilipotuletea neno uwiano, maana yake mwalimu mmoja kwa watoto wangapi, na idadi yenyewe ikawa ishirini na watano, sikushangaa. Nilihisi tu kwamba mtu fulani ofisini naye amewahi kuwapeleka watoto chooni.

Kituo changu cha tatu kilikuwa shule moja ya pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Sitaitaja. Hapo ndipo nilipojifunza hasira.

Mwalimu Mkuu wa shule hiyo hakuwahi kuliita darasa langu darasa la awali. Aliliita vidudu. "Madamu, vidudu wako wanapiga kelele." "Madamu, vidudu wako wamekanyaga bustani." Nilipomwomba mwalimu wa pili, alifungua daftari la ikama, yaani hesabu ya walimu ambao shule inastahili kuwa nao. Alikuwa ameihesabu kuanzia darasa la kwanza. Watoto wangu hawakuwamo kabisa.

"Vidudu wanahitaji nini, Madamu, zaidi ya kufutwa kamasi?" aliniuliza. "Hiyo kazi hata mpishi anaiweza."

"Basi nipe huyo mpishi, Mwalimu Mkuu. Ashike mkia wakati namngojea mwalimu."

"Atapika nani?"

Walimu wenzangu walicheka. Katika shule ile mwalimu akija amelewa, Mwalimu Mkuu alimtishia mbele ya wote: "Safari ijayo nakupeleka awali!" Nisomeni vizuri, ninyi mnaoanza kazi hii leo. Adhabu ya mlevi ilikuwa kupewa watoto wa miaka mitano. Hakuna aliyewahi kumtishia mlevi kumpa darasa la saba, kwa sababu darasa la saba wana mtihani, na mtihani una matokeo, na matokeo yanabandikwa ukutani. Mtoto wa miaka mitano habandikwi popote.

Muhula wa kwanza nilikuwa na watoto ishirini na watano. Wiki ya tatu Mwalimu Mkuu alikuja mlangoni amemshika mkono mtoto wa mjumbe.

"Mmoja tu, Madamu."

"Mafundo yameisha, Mwalimu Mkuu."

"Si ufunge lingine? Kamba si ni yako?"

Nilitazama mkia wa kamba. Ulikuwa umebaki mrefu, kama mita nane hivi. Mtoto alikuwa na viatu vipya na ananitazama. Nikafunga fundo la ishirini na sita.

Nimeliungama fundo lile kwa padre, na nimeondolewa dhambi, lakini hapa naliandika tena kwa sababu halikuwa la mtoto mmoja. Ukishafunga la ishirini na sita, utamwambia nini mama wa ishirini na saba? Kwamba mume wake si mjumbe? Mvua za masika zilipofika nilikuwa na mafundo arobaini na moja. Fundo la mwisho lilikuwa la Skolastika, mtoto wa mama aliyeuza maharage sokoni. Alikuwa mdogo kuliko wote, mpole, mwenye tabia ya kuimba peke yake huku anatembea. Tulimwita Skola.

Choo cha shule kilikuwa nyuma ya majengo. Unatoka darasani, unapita ukuta mrefu, unakata kona. Zaidi ya choo kulikuwa na mashimo ambayo wazazi walichimba udongo wa kufyatulia matofali ya madarasa mapya. Madarasa yalijengwa, wakapewa wakubwa. Mashimo yaliachwa, na kila masika yalijaa maji.

Kamba ya mafundo ishirini na matano, mwalimu akiwa kwenye kona, mkia anauona. Kamba ya arobaini na moja hauoni. Nilipokata kona siku ile, watoto kumi na zaidi walikuwa bado upande wa pili wa ukuta, na sikuwa na mtu wa mkia. Tulifika chooni, tukarudi, nikawaingiza, nikahesabu. Arobaini. Nikahesabu tena. Fundo la mwisho lilikuwa linaburuzwa sakafuni, limelowa tope.

Niliita, "Skola!" Hakuitika.

Naomba msomaji asimame nami pale mlangoni. Nikitoka kumtafuta, naacha watoto arobaini peke yao, na jiko la mkaa la uji lipo barazani. Nikibaki, mmoja yuko peke yake kwenye mvua. Tangu utotoni nilipenda Injili ya mchungaji aliyewaacha tisini na tisa akamfuata aliyepotea. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilijiuliza wale tisini na tisa aliwaacha na nani. Nilipiga kelele kuelekea ofisini. Mvua juu ya bati ilikuwa kubwa, hakuna aliyesikia. Nikamwambia mtoto mkubwa kuliko wote, "Imba wimbo wa Mariamu, wote waitikie, na nisisikie mmenyamaza." Nikakimbia, huku nasikiliza wimbo nyuma yangu na natafuta wimbo mwingine mbele yangu.

Skola alikuwa ndani ya shimo la tatu, maji kifuani, amekamata majani ya ukingoni kwa mikono miwili. Hakuwa analia wala kuita. Niliingia na viatu na sketi yangu. Nilipomtoa alisema neno moja tu, "Mama," na si mimi aliyekuwa anamwita.

Jioni Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi mezani.

"Andika kwamba mtoto alitoroka."

"Mtoto wa miaka mitano hatoroki, Mwalimu Mkuu. Anaachwa."

"Madamu, fikiria. Ukiandika aliachwa, aliyemwacha ni nani? Ni wewe."

"Ndiyo. Ni mimi. Na nitaandika kwa nini."

Nikaandika barua yangu ya kujieleza. Niliandika kwamba nilikuwa na watoto arobaini na mmoja, kwamba macho yangu hayakutosha, kwamba niliomba mwalimu wa pili nikanyimwa, na kwamba nilikosa nilipokubali mtoto wa ishirini na sita. Kabla ya muhula kwisha nilipata uhamisho wa kwenda Kasanga, ziwani, kwenye joto. Darasa langu la awali alipewa msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, ambaye hakuwahi kukaa hata saa moja na mtu wa kumfundisha kazi. Simlaumu yeye. Namlaumu aliyemwambia kwamba kazi hii haina mafunzo.

Kasanga nilikaa mpaka kustaafu, nikawapenda watu wake, na Mungu alinipa wakuu wa kazi waliosikia. Sina manung'uniko juu ya maisha yangu. Nimekula uji wa ulezi na watoto wa watu miaka zaidi ya thelathini, wengine leo ni manesi na maofisa, wananikuta njiani wanasema, "Shikamoo Mwalimu," natafuta sura ya utotoni ndani ya sura yao. Nilirudi Sumbawanga nikidhani nimebakiwa na rozari na bustani ya kabichi.

Kisha mwaka huu Skola akabisha hodi. Sasa ni mama mwenye mtoto wa kike wa miaka mitano. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai.

"Mwalimu, mwanangu ameanza awali hapo shule ya jirani. Nimehesabu. Yeye ni wa sitini na mbili."

"Mwalimu ni nani?"

"Binti mmoja, Neema. Anajitolea. Yuko peke yake." Alisogeza kigoda karibu nami. "Keshokutwa kuna kikao cha wazazi. Wanataka kumwongezea watoto wa chekechea moja iliyofungwa. Mimi nikisimama, wataniambia naogopa tu kwa sababu ya yale yaliyonipata."

Miaka yote hiyo, jamani! Wakati huo miongozo imeandikwa, semina zimefanyika, walimu wamesomea awali mpaka digrii nao wapo mitaani wanauza vocha, na bado binti mmoja anaachiwa watoto sitini na mbili kama mtu aliyeachiwa kuku. Sikulala vizuri. Asubuhi ya kikao niliishusha kamba yangu ukutani. Sijawahi kuyafungua yale mafundo kumi na sita niliyoongeza.

Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mfanyabiashara, mtu wa Mbeya, mcheshi, anayetaka mambo yaishe haraka. Aliposema, "Watoto wadogo hawajazi nafasi, hata sabini wanaenea," nilinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba wajumbe na wazazi tutoke nje kidogo. Kila mtu ashike fundo lake."

"Bibi Mwalimu, tunacheza?"

"Ndiyo, tunacheza. Wewe shika kichwa, mimi nashika mkia, utupeleke mpaka chooni na kuturudisha."

Walicheka sana. Tulikuwa kama arobaini. Mzee mmoja akaita, "Ticha, mimi nimebanwa!" Mwingine akamjibu, "Shika fundo lako, kidudu wewe!" Tukaondoka, Mwenyekiti mbele na kofia yake, mimi nyuma kabisa kwenye fundo la mwisho. Alipokata kona nikaacha kuiona kofia. Nikaachia kamba, nikaketi juu ya tofali.

Walikwenda chooni, wakazunguka jengo, wakarudi kwa upande wa pili wakiimba. Nilisikia sauti ya Mwenyekiti kule mbele. "Haya, Bibi Mwalimu, tumefika, hakuna aliyekufa!"

Nikamsikia anaanza kuhesabu vichwa.

"Bibi Mwalimu yuko wapi?"

"Si alikuwa nyuma yako?"

"Mimi nilikuwa natazama mbele."

Wakaanza kuniita. Sikuitika, kama Skola siku ile ya mvua. Kati ya wazazi wote, Skola peke yake ndiye hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kona, akanikuta, akasimama karibu nami. Kisha Mwenyekiti akafika, anahema, kofia mkononi, na wengine nyuma yake.

"Mimi nina miaka sitini na saba," nilimwambia, "na njia ya kurudi naijua."

Hakucheka. Alimtazama Skola, akatazama kamba iliyolala chini, kisha akamgeukia Neema, ambaye tangu kikao kianze hakuna aliyekuwa amemsemesha.

"Mwalimu," alisema, "wewe unaweza wangapi?"

Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kumsikia mkubwa akimuuliza swali hilo mwalimu wa awali. Neema alishtuka, akanitazama mimi. Nikatazama pembeni, maana jibu lilikuwa lake.

"Ishirini na watano," alisema. "Na mtu wa kushika mkia."