Rangi ya Biriani Kisimani

Sogea karibu nikueleze, na usione haya kwa kuwa habari yenyewe ni ya choo. Nimefundisha sayansi miaka mingi. Tutakwenda taratibu na utafahamu.

Nyumba yetu iko Jang'ombe. Uani kuna kisima alichokiacha mama. Kabla hajafa aliniusia jambo moja tu: kisifungwe, majirani wachote bure maji ya kunywa na ya kutawadhia, thawabu zimfuate kaburini.

Ukuta kwa ukuta nasi anakaa shoga yangu, niliyesoma naye chuo cha Kurani. Alipopandisha ghorofa ili apangishe, choo chake kimoja kikawa vyoo sita. Huku kwetu mabomba ya maji machafu hayajafika. Kila mtu na karo lake, shimo la chini ya ardhi linalopokea vya chooni. Nikamkalisha, nikamchorea daftarini. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe, lina nyufa, uchafu hupenya humo ukafika usikotaka. Karo likae mbele, upande wa barabarani, mbali na kisima.

"Nshafahamu, mwalimu," akacheka. "Usinipe mtihani tu."

Akanionyesha mstari wa chokaa waliouchora mafundi kule mbele. Nami nikaenda zangu Uroa kumuuguza shangazi. Niliporudi, nyuma pameshatiwa vigae, na mbele pana duka. Nikamsifu kwa vigae.

Masika ya pili maji ya kisima yakaanza kunuka.

"Mvua hiyo, shoga," akanambia. "Itapita."

Haikupita. Siku moja nikatia mkobani paketi za rangi ya biriani, nikaenda kumtembelea, nikaomba choo. Nikaimwaga rangi yote na ndoo tatu za maji. Asubuhi ya pili nilipovuta ndoo kisimani, maji yalitoka ya manjano.

Nikaibeba ndoo ile ile mpaka jikoni kwake.

"Karo liko wapi?"

Akaitazama ndoo. "Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Hapo ukutani kwako. Fundi alisema mbele patafaa duka. Nilijua utanuna."

Nikataka kusema, lakini macho yangu yakaangukia madumu ya maji ya kununua, yamepangwa kando ya jiko. Ndipo nikakumbuka kwamba ndoo yake ya buluu sikuiona kisimani tangu kabla ya Ramadhani.

"Umeacha lini kuchota kwangu?"

"Yalipoanza kunuka kidogo kidogo."

"Ukaniacha mimi ninywe? Nitawadhie?"

"Ntakwambiaje, shoga yangu?"

Karo ningemsamehe, watu hushauriwa vibaya na mafundi. Yale madumu sijayaweza mpaka leo. Kila jioni tulisalimiana, akiniona na ndoo kichwani.

Kisima nimekifunika kwa bati na matofali. Wanaokuja kuchota nawarudisha mlangoni mmoja mmoja, na wosia wa mama nauvunja upya kila mara.

Wewe bado unaweza kuwahi. Jirani akichimba karo, usitosheke na mchoro wala mstari wa chokaa. Kabla shimo halijafunikwa, nenda mwenyewe, simama ukingoni, uhesabu hatua mpaka kisimani. Zisipofika arobaini, mwambie fundi asimamishe kazi.